Ngoma na sanduku: vyama vya muziki vilivyotutangulia

Maneno yaliyosomwa na komite ya matanga mbele ya mkutano mkuu wa chama, Kasongo, na kurudiwa mbele ya wanachama wa upande wa Kabambare



Mkutano uliopita ulituachia swali, na munakumbuka swali lenyewe lilileta makelele. Mwanachama mmoja alisimama akaomba chama kitafute ngoma. Mwingine akamjibu: "Tuko na watoto hawana madaftari, mashamba hayana mbegu, na nyinyi munataka kucheza?" Watu walipiga makofi. Sisi wa komite tukatumwa kwenda kufikiri na kurudi na jibu. Tumerudi. Jibu letu si fupi, kwa hiyo tunaomba mukae vizuri.

Tuanze na jambo la aibu, na aibu hiyo ni yetu sisi komite. Wakati wa mvua zilizopita, mwanachama wetu mmoja, mzee aliyerudi peke yake kutoka ukimbizini, alifariki katika kijiji kimoja upande wa Kabambare. Alikuwa amelipa mchango wake kila mwezi. Jina lake liko katika kaye, na hakuna mwezi hata mmoja ulioachwa wazi. Kanuni yetu inasema mwanachama akifariki, chama kinatoa sanda au sanduku la maiti, unga wa matanga, na watu wa kuchimba kaburi. Feza zilikuwepo. Habari tuliituma kwa simu. Munajua simu zetu: mtandao unapatikana juu ya kilima, na siku ile hata kilimani haukuwepo. Mwanachama wa kwanza kupata habari aliipata siku ya tatu. Mzee wetu alizikwa na majirani wanne, wote si wanachama, kwa jembe la kuazima. Tulipofika na sanda mkononi, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.

Mama mmoja wa pale, mtu ambaye hakukimbia wakati wa mapigano, alitutazama akauliza: "Chama chenu kiko na sanduku la feza. Ngoma hakina?" Alisema bila kututukana. Katika kijiji chake, zamani, palikuwa na ngoma ya gogo, ile iliyochongwa kwa mti mzima na kutobolewa mdomo juu. Mtu akifa, ilipigwa, na watu wa ngambo ya pili ya mto walijua kabla ya jua kuzama. Ngoma hiyo iliungua pamoja na nyumba.

Swali la yule mama lilitupeleka kuwauliza wazee na kuwauliza walimu waliosoma historia. Tuliyoyapata yalitushangaza. Tulidhani chama cha kusaidiana ni jambo moja, na chama cha ngoma ni jambo lingine, la starehe. Tulikuta kwamba katika nchi zinazosema Kiswahili, mara nyingi vilikuwa chama kimoja.

Munajua Kiswahili chetu kilifika Kasongo kwa njia gani. Kilifika kwa misafara kutoka Zanzibar na Ujiji, wakati wa Tippu Tip, kabla ya mji kutekwa na majeshi ya Leopold mwaka 1893. Misafara ile ilileta mateso makubwa, watu waliuzwa, hatutaficha. Lakini njia ile ikabaki, na juu yake yakaendelea kupita mambo mengine: dini, nguo, mpunga, dufu, na baadaye ngoma za mtindo mpya. Tippu Tip mwenyewe alifariki Zanzibar mwaka 1905. Mwaka huohuo, katika mji uleule, vijana walianzisha chama cha muziki cha Ikhwani Safaa. Kinapiga taarab mpaka leo. Fikirini ndugu: chama cha muziki kimepita sultani, kimepita Waingereza, kimepita mapinduzi, na bado kiko na wanachama.

Lakini ngoma inayotuhusu zaidi ni beni. Neno lenyewe linatoka kwa Kiingereza, neno lao la bendi. Beni ilianza pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890 na kuendelea. Watu waliona bendi za wanajeshi wa kizungu, wakazichukua wakazifanya zao. Walikuwa na tarumbeta, na ngoma kubwa, na gwaride, na vyeo. Kulikuwa na mfalme wa beni, jenerali, daktari, na wamama nao walikuwa na vyeo vyao. Wazungu wengi walicheka, wakasema watu hawa wanaiga tu. Hawakuona kilichokuwa nyuma ya gwaride.

Nyuma ya gwaride palikuwa na kaye, kama ile yetu. Huko Tanganyika vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, vikishindana mji kwa mji. Mwanachama alilipa mchango. Akiugua, alitembelewa. Akifa, alizikwa na wenzake. Akisafiri kwenda mji asiojulikana, alikwenda kwa wenzake wa beni, wakampa mahali pa kulala na chakula, wakamtafutia kazi. Kwa mtu aliyetolewa kwao, awe askari, mpagazi au mfanyakazi wa reli, chama kile kilikuwa ukoo wa pili. Sisi tuliorudi kutoka Kalemie, kutoka Kindu, kutoka makambi ya Tanzania, tunajua maana ya kuingia mji usiojulikana na kutafuta mtu mmoja tu wa kukukaribisha.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoisambaza beni mbali. Askari na wapagazi wa pande zote waliibeba. Munajua kwamba jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia Tabora mwezi wa tisa mwaka 1916, na mizigo ya jeshi lile ilibebwa kwa vichwa vya watu wa nchi hii. Wengi hawakurudi. Baada ya vita, beni ilisikika Kongo pia, na katika miji ya migodi ya kusini ikaitwa mbeni. Reli ilikuwa imekwisha kufika ziwani Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, tangu 1915, na vijana walitoka huku kwenda kutafuta kazi Katanga. Kule Elisabethville, leo Lubumbashi, vyama vya ngoma na vya watu wa kwao vilifanya kazi ileile: kumpokea mgeni, kumtunza mgonjwa, kumzika maiti. Serikali ya wakoloni iliviangalia kwa wasiwasi. Chama ambacho watu wanajiongoza wenyewe, wanakusanya feza wenyewe, na habari zake zinapita mji mpaka mji bila kupitia ofisi, kiliwatisha.

Mwaka 1935 ngambo ya mpaka wetu, katika migodi ya shaba ya nchi inayoitwa leo Zambia, serikali iliongeza kodi ya watu wa migodini. Wafanyakazi wakagoma. Huko Luanshya polisi walipiga risasi, watu sita wakafa. Tume iliyochunguza mgomo ilisikiliza maneno mengi juu ya mbeni, kwa sababu wanachama wake walionekana kati ya waliopeleka habari za mgomo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, linaonyesha nguvu ya chama cha ngoma: pale ambapo hapakuwa na chama cha wafanyakazi kinachoruhusiwa, watu walikuwa na ngoma. Ya pili, ni onyo kwetu. Mwenye nguvu akisikia ngoma, anaweza kuogopa, na akiogopa anaweza kuumiza. Tutarudi hapo.

Kutoka mbeni kukatoka ngoma nyingine, kalela. Wachezaji wa kalela pale Luanshya waliimba utani juu ya makabila mengine waliokaa nao katika kambi ya mgodi. Mtaalamu mmoja, Clyde Mitchell, aliandika kitabu juu yao mwaka 1956. Alieleza kwamba utani ule ulikuwa njia ya watu wasiojuana kuishi pamoja: unanitania, ninakutania, hatupigani. Hili nalo tuliwekee alama, kwa sababu hapa kwetu tuko na shida kama hiyo. Kuna waliokimbia na kuna waliobaki. Aliyerudi anasema: wewe ulibaki ukala mihogo yangu. Aliyebaki anajibu: wewe umerudi na hema na mbuzi wa wafadhili, mimi niliyeteseka hapa sikupewa kitu. Maneno haya hayasemwi mkutanoni. Yanasemwa kisimani.

Tuje karibu zaidi. Nyote munajua neno likelemba, feza tunazochangiana kwa zamu. Wenzetu wa Kinshasa wako na neno lingine, moziki. Leo ukisema moziki, maana yake ni kikundi cha marafiki, hasa wamama, wanaochangiana na kusaidiana kwenye harusi na kilio. Neno hilo linatoka wapi? Linatoka kwa muziki. Miaka ya 1940 na 1950, wamama wa Leopoldville walifanya vyama vyao, wakavaa nguo za namna moja, wakafuatana na orkestra zao, na kwa uleule umoja wakachangiana na kuzikana. Lugha imetunza ushahidi: jina la kusaidiana limezaliwa na jina la kuimba.

Wafadhili wetu wengine wako Ulaya na Marekani, na hatutaki kuwaacha nje ya historia hii. Huko Marekani, milimani Virginia, kuna mji mdogo unaitwa Galax. Watu wa milima ile wanapenda muziki wa kale wa fidla na banjo, na ule mwingine uliotoka humo, bluegrass. Banjo, munayoiona katika mikono ya wazungu wa milimani, ni mtoto wa Afrika: watumwa waliotolewa Afrika ya magharibi walibeba kichwani mwao namna ya kuunda chombo cha kibuyu na ngozi na nyuzi. Basi mwaka 1935, mwaka uleule wa mgomo wa Luanshya, watu wa Galax walianzisha mashindano ya wapiga fidla. Juu ya nini? Kutafuta feza za chama chao cha kusaidiana, tawi la chama kinachoitwa Moose, kilichokuwa kimefunguliwa karibuni mjini pale. Chama kilihitaji feza, wakaita muziki. Mashindano yale yanaendelea hata sasa, na watu wanatoka mbali kuyasikiliza. Kwa hiyo mfadhili akituuliza ngoma inahusiana nini na msaada, tumwambie kwa heshima: hata kwenu ilianza hivyo.

Sasa hatutaki kusifu bila kusema makosa. Vyama vya beni vilikuwa na ubaya wao. Vilishindana kwa karamu: wakichinja ng'ombe mmoja hawa, wale wanatafuta wawili. Watu waliingia madeni juu ya nguo na sherehe. Ushindani mwingine uliishia kwa ngumi. Vyeo navyo viliwapandisha wengine kichwa. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na waliyoyasema waliyaona. Chama kinachocheza bila kusoma hesabu kinakufa. Lakini sisi tumejifunza kwa kaburi la mzee wetu kwamba chama kinachosoma hesabu bila ngoma kinaweza kuwa kizima kwenye karatasi na kimekufa barabarani.

Na sisi tulipoteza nini? Kila familia hapa iko na hesabu yake. Wazee wanahesabu tangu wakati wa Mulele, 1964. Wengine wanahesabu tangu vita vya 1996, au vya 1998. Ndugu wa Salamabila na vijiji vya jirani wanahesabu ya juzijuzi. Ukikimbia unabeba mtoto, sufuria, na nguo uliyovaa. Hakuna anayekimbia na ngoma. Tena kuna walioificha ngoma msituni, wakarudi wakakuta mchwa umeila. Gitaa zilizorudi na wafanyakazi kutoka Katanga, likembe, marimba, vyote viliisha. Kilichoisha vibaya zaidi ni wajuzi. Katika vijiji vitano tulivyotembelea kwa kinga, tulikuta wazee wawili tu wanaojua kusema jina la mtu na habari ya kifo kwa ngoma ya gogo. Mmoja haoni tena vizuri. Kijana anayejifunza kwake hakuna.

Hapo ndipo tunajibu swali la mkutano. Mbegu ikikosa mwaka huu, tutaomba nyingine mwaka ujao. Wale wazee wawili hatutaweza kuwaomba kwa mtu.

Lakini aliyeuliza juu ya madaftari na mbegu hakukosa. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo sita, na tunaomba mkutano uyakubali au uyakatae moja moja.

La kwanza. Feza za wafadhili hazitaguswa hata franka moja. Mbuzi ni za mbuzi, mbegu ni za mbegu. Ngoma itatoka kwa jasho letu.

La pili. Hatutanunua, tutachonga. Kila upande, Kasongo na Kabambare, utafute mti mmoja mgumu na fundi mmoja. Fundi tutamlipa kwa kumlimia shamba lake, siku mbili kwa kundi la watu kumi. Ngozi za ngoma ndogo zitatoka kwa mbuzi wanaochinjwa kwenye sikukuu, za Idi na za Noeli, zisitupwe.

La tatu. Kila mmoja wa wale wazee wawili apewe vijana wanne wa kufundisha, wavulana wawili na wasichana wawili. Tunajua zamani mwanamke hakupiga ngoma hiyo mahali pengi. Tuliwauliza wazee wenyewe. Mmoja alicheka, akasema: "Vijana wanaume wako migodini. Nikingoja wao, nitakufa nayo. Leteni wasichana."

La nne, na hili tulilijadili mpaka usiku. Mzee mmoja alituonya kwamba ngoma ikilia usiku katika nchi yenye watu wenye silaha, inaweza kudhaniwa ni ya vita, na wanaoumia ni wale walio karibu nayo. Ana haki. Kwa hiyo ngoma ya chama itasema mambo mawili tu, kifo na mkutano. Haitatangaza hatari, haitaita watu kwa ugomvi. Itapigwa kati ya asubuhi na jua kuzama, na kabla ya siku ya kwanza tutakwenda kumjulisha shefu wa kila kijiji na ofisi ya sekta kwa barua, na kuwasikilizisha sauti zote mbili ili wazijue.

La tano. Milango ifunguliwe kwa waliobaki. Majirani wale wanne waliomzika mzee wetu waandikwe katika kaye bila kudaiwa mchango wa miaka ya nyuma. Wamekwisha kulipa, siyo hivyo? Na baada ya wao, yeyote wa kijijini anayetaka, aliyekimbia au asiyekimbia. Kucheza ngoma kila mwisho wa mwezi kuwe kwa wote, na atakayemtania aliyerudi atataniwa naye, hapohapo mchana, mbele ya watu, badala ya kisimani.

La sita. Hakuna nguo za namna moja za kununua kwa deni, hakuna karamu ya kushindana, hakuna jenerali. Na kabla ngoma haijapigwa kwenye mkutano wowote, kaye isomwe kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Yule asiyetaka kusikia hesabu asisikie ngoma.

Wafadhili wapendwa, kwenu hatuombi feza kwa jambo hili. Tunawaomba ruhusa moja. Hangari ya kuwekea mbegu, muliyotusaidia kujenga, inabaki tupu baada ya kupanda. Turuhusuni vijana wajifunzie humo mchana, wakati mvua inanyesha. Na mutakapoandika ripoti zenu, musiweke ngoma katika mstari wa starehe. Iwekeni karibu na matanga.

Ndugu wanachama, jembe la kuazima tulikwisha kulirudisha kwa wenyewe, na juu yake tukawapa jembe jipya. Sanda bado iko hapa, katika sanduku la chama. Hatukujua tuifanyie nini, tukaona tuilete muione. Mkutano uamue.

Wanaokubali pendekezo la kwanza, wainue mikono.